Mwandiko wa Tarishi Rifet

Ami Rifet Softić hakuwa ndugu yangu wa damu. Ila kwa watu wa mji wetu kila mwanaume aliyelingana na baba yako ni ami, na mimi baba sikubaki naye, kwa hiyo maami nilikuwa nao wengi. Rifet ndiye aliyekaa karibu zaidi, nyumba ya tatu kutoka kwetu, upande wa kusini wa St. Louis, Marekani, mahali ambapo Mbosnia anaweza kununua mkate, kukata nywele na hata kuzikwa bila kusema neno moja la Kiingereza.

Alikuwa mtu wa kushuku. Mlangoni kwake hapakuwa na jina. Watu wa sensa walipopita, aliwaambia kupitia dirishani kwamba mwenye nyumba amesafiri. Duka la dawa likitaka namba yake ya simu ili limpunguzie bei, analipa bei nzima na kuondoka. Mkewe, Zineta, alikuwa akituchekesha kwenye kahawa: "Huyu akifa, kwenye jiwe la kaburi nitaandika 'Mkaazi', basi. Hata malaika wajitafutie wenyewe." Rifet alicheka pamoja nasi, lakini jina lake haandiki.

Tulidhani ni kambi ya wafungwa ya wakati wa vita vya Bosnia ndiyo iliyomharibu. Mwaka tisini na mbili alitoka kambini akiwa na kilo arobaini na nane, na wengi waliotoka huko wana mambo yao: mmoja halali taa ikiwa imezimwa, mwingine hawezi kusimama kwenye foleni. Kilichonishangaza ni kwamba kabla ya vita Rifet alikuwa tarishi wa posta. Kwa miaka ishirini alikuwa amevaa koti la bluu na mkoba begani, akijua kila jina na kila mlango. Mtu kama huyo anawezaje kuchukia majina?

Nililijua jibu nikiwa na miaka thelathini na moja, na nililijua kwa sababu ya sheria.

Mwaka huo kulikuwa na muswada uliorudishwa bungeni Washington, baada ya kukwama hapo nyuma. Ulikuwa unaitaka serikali ya Marekani ihesabu kuzuia mauaji ya kimbari katika nchi za nje kuwa kazi yake, iwafundishe maofisa wa balozi zake kutambua dalili mapema, na ipeleke bungeni ripoti kuhusu nchi zilizo hatarini. Mbunge mmoja aliyeuunga mkono alitaka maneno ya watu walioyaona mambo hayo kwa macho, akamtuma msaidizi wake kwetu. Dada huyo aliitwa Kendra Whitlow, mrefu, mpole, amevaa viatu visivyofaa theluji. Mimi ni mkalimani wa mahakama, kwa hiyo niliombwa nikae naye kwenye ukumbi wetu ulio juu ya duka la mikate, Jumamosi moja asubuhi.

Kendra aligawa fomu. Jina, anwani, mwaka wa kuzaliwa, dini, idadi ya ndugu waliouawa. Watu kumi na watatu walikwisha kujaza pale Rifet alipoingia kununua mkate na kupanda ngazi kuona kulikoni.

Aliichukua fomu, akaisoma kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kisha akaniuliza mimi, si Kendra: "Almasa, huyu binti anataka dini ya watu ya nini?"

Nikatafsiri. Kendra akasema ni kwa kumbukumbu tu.

"Kumbukumbu ya nani? Inakaa wapi? Yeye akiacha kazi, anayekuja baada yake ni nani?"

"Inakaa kwenye kabati la ofisi," Kendra akajibu. "Ni salama kabisa, bwana."

"Salama!" Rifet aliwageukia wale kumi na watatu waliokuwa wakinywa kahawa. "Na nyie, mna akili kweli? Mmetoka kule mkiwa mifupa mitupu, leo mnakaa chini mnaandika 'Mwislamu' na anwani ya nyumbani, kisa mmepewa biskuti?"

"Rifet, hebu kaa," mzee mmoja akamwambia. "Hapa ni Marekani."

"Na kule palikuwa wapi? Kule kulikuwa nyumbani."

Akateremka bila mkate wake. Kendra alikuwa mwekundu hadi masikioni. Nilimwambia asijali, mzee ana tabia hiyo. Lakini nilimwona akizitazama zile fomu, kisha akazikusanya na kuzigeuza juu chini.

Wiki iliyofuata Rifet alinisimamisha kwenye barabara yenye barafu. "Mwambie yule binti, kama ana sheria, aniletee sheria yenyewe. Si kikaratasi cha picha. Sheria yenyewe, na vifungu vyake."

Kendra aliituma. Kwa Jumapili tatu nilikaa jikoni kwa Zineta nikimsomea Rifet kifungu baada ya kifungu, birika la shaba likiwa kati yetu, na yeye akisikiliza kama mtu anayesikiliza injini ya gari anayouziwa.

"Bunge linaona kwamba inafaa..." nilisoma.

"Simama hapo. Inafaa, au lazima?"

"Inafaa."

"Barua za namna hiyo nimezibeba sana mimi. Endelea."

Kila aliposikia "inapowezekana" alikuwa akigonga meza kwa kidole. Alikuwa na hakika kwamba sheria hii ni mlango wa kitu kingine: labda wanatafuta kisingizio cha kupeleka ndege zao nchi za watu, labda wanataka kujipamba, labda ni kura za Wabosnia wa St. Louis. "Mwaka tisini na mbili alikuja mwandishi wa kigeni mpaka kwenye waya wa kambi," alisema. "Tukamwambia kila kitu. Alipiga picha, akaandika daftari zima. Sisi tukarudi ndani, yeye akarudi hotelini."

Zineta akamwambia, "Si uliachiwa baada ya picha zile?"

"Baada ya wangapi kufa?" alijibu.

Jumapili ya tatu tulifika kwenye kifungu cha mafunzo, kile cha maofisa wa ubalozi kufundishwa kutambua dalili. Aliniambia nikirudie. Nikakirudia.

"Nani atawafundisha?"

"Haijasema."

"Dalili gani?"

"Haijasema, ami. Inasema tu 'dalili za mapema'."

Alisukuma kikombe mbali. Zineta, aliyekuwa akiosha vyombo, alifunga bomba. Nadhani alijua kinachokuja, kwa sababu aliifuta mikono yake, akaenda chumbani na kufunga mlango.

"Machi mwaka ule," Rifet akaanza, "Ostoja aliniita ofisini."

Ostoja alikuwa mkuu wa posta yetu. Yeye Mserbia, Rifet Mwislamu. Walikuwa wamecheza mpira timu moja na kupeana majina ya utani. Alimwambia Rifet kwamba namba za nyumba zitabadilishwa, kwa hiyo daftari la njia ya kugawia barua liandikwe upya: kila nyumba, nani anakaa, wanaume wangapi na umri wao, nani yuko kazini Ujerumani au Slovenia na anarudi lini. Rifet alizunguka siku tisa. Watu walimpa kahawa na kumjibu maswali, maana alikuwa Rifet. Nyumba mia mbili na kumi na mbili. Kwa kuwa alikuwa na moyo mwema, pembeni aliongeza alama kwa ajili ya tarishi wa zamu: duara dogo lenye nukta, maana yake hapa kuna mbwa mkali.

"Mwezi wa tano wakaja wanajeshi wa Waserbia. Tulikuwa tumesimamishwa barabarani, mikono kichwani. Askari mmoja alikuwa na karatasi, anasoma. Alikuwa karibu nami kama wewe hapo. Almasa, niliuona mwandiko. Saba zangu nazikata katikati, unajua. Na kila walipofika kwenye nyumba yenye kile kiduara, walimpiga mbwa risasi kwanza, kabla hata ya kubisha hodi."

Nilikuwa na kalamu mkononi na sikujua pa kuiweka. Kwetu kulikuwa na mbwa. Mama amenisimulia mara nyingi: mbwa mweusi aliyeitwa Garo, na kwamba kabla hawajamchukua baba, yule mbwa aliuawa getini. Nilikuwa na miaka mitano.

"Nyumba yetu," nikasema.

"Namba arobaini na moja. Niliandika mimi. Baba yako, miaka thelathini na minne, Slovenia, anarudi Ijumaa."

Nilivaa koti, nikatoka.

Siku nne nzima nilipita njia ya nyuma ili nisiione nyumba yake. Mambo madogo ya miaka yote niliyafikiria upya, kama mtu aliyegundua kwamba sarafu moja mfukoni ni bandia na sasa anazigonga zote. Baiskeli aliyoninunulia nilipofika darasa la sita: kwa nini? Kila Bajram, yaani Idi, alileta nyama kwetu kabla ya kupeleka kwa mtu mwingine: kwa nini kwetu kwanza? Mtu anayekupenda hivyo anakupenda wewe, au anajilipia? Nilimshuku hata pale alipokuwa mkweli.

Siku ya tano nilikwenda kwa mama. Šefika, mama yangu, alikuwa akinyoosha mezani unga uliokandwa wa pita, ile pai yetu ya matabaka, umeshakuwa mwembamba hadi maua ya kitambaa yanaonekana chini yake.

"Mama, unajua kuhusu daftari la Rifet?"

"Daftari lipi?"

"Usijifanye, mama."

Hakuacha kuvuta unga. "Najua. Aliniambia tulipokutana Zagreb ukimbizini, kabla hatujapata viza. Alipiga magoti kwenye kituo cha mabasi, watu wanatazama. Nikamwambia inuka, unaniaibisha."

"Na miaka yote hii unamkaribisha kahawa?"

"Alikuja mlangoni na lile daftari, akaniuliza, 'Šefika, mumeo bado yuko Slovenia?' Nikamwambia, 'Anarudi Ijumaa! Sasa barua zake lete hapa.' Nilisema kwa furaha, mwanangu. Nilikuwa nimetengeneza nywele." Unga ulichanika upande mmoja, akauziba kwa vidole. "Basi niambie wewe uliyesoma. Nimlaumu yeye aliyeandika, au nijilaumu mimi niliyesema?"

"Ungeniambia."

"Ulikuwa na ami uliyempenda. Ningekuambia ili iweje?"

Nilikaa nikamsaidia kunyunyiza jibini. Tulipomaliza alisema, bila kunitazama, "Akitaka kwenda kuyasema hayo Washington, mpeleke. Kiingereza chake ni cha dobi." Hilo lilikuwa kweli, kwa miaka kumi na tisa Rifet alikuwa akipiga pasi mashuka ya hoteli.

Rifet alikubali kwenda kueleza, nami nikamwandikia Kendra, akatualika mwezi wa nne. Ndege Rifet aliikataa, maana jina lake lingeandikwa kwenye orodha ya abiria. Kwa hiyo niliendesha gari kwa saa kumi na tatu, Zineta akiwa ametufungia mayai ya kuchemsha na pita ya viazi. Kwa nusu ya safari hatukusemezana. Tulipoingia Ohio, mvua ikinyesha, nikamwuliza.

"Ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Alipokwambia uandike umri. Posta inataka umri wa nini?"

"Nilishuku kwa nusu dakika," alisema. "Nikamwuliza, 'Ostoja, umri wa nini?' Akacheka. Akasema, 'Wakubwa wanataka, bwana, sijui. Nakupa wewe kwa sababu mwandiko wako ndio unaosomeka.' Nikasifiwa, nikanyamaza. Nusu dakika nilishuku, kisha nikafurahi." Akageukia dirisha. "Na mtaa wa Waserbia sikuambiwa niuandike. Hilo sikuliuliza hata kidogo. Nilifurahi kwamba njia imekuwa fupi."

Sijui kama alikuwa ananiambia yote. Mpaka leo sijui. Katika kazi yangu nimesikia watu wengi wakikiri kipande ili kingine kisiulizwe. Lakini ile ya kufurahi kwamba njia imekuwa fupi, hiyo mtu haitungi.

Nilitarajia ukumbi mkubwa wenye kamera. Tulipelekwa kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, kwenye jengo la ofisi za wabunge. Mbunge mwenyewe hakuwepo. Kulikuwa na wasaidizi saba, vijana watupu, sahani ya mikate iliyokatwa pembetatu, na mwanamke mmoja wa makamo, wa wizara ya mambo ya nje, Bi. Liddell, aliyekaa mwishoni karibu na mlango. Rifet alinivuta mkono wa koti na kuninong'oneza, "Yule aliyekaa mlangoni ndiye mwenye kazi. Hawa wengine wamekuja kula."

Walimpa dakika kumi. Alisimama, ingawa aliambiwa akae.

"Nyie mnajua kutazama vifaru," alisema, nami nikatafsiri. "Vifaru vikifika, hata mtoto anajua. Mimi nitawaambia kilichofika kabla. Lilifika daftari. Na daftari niliandika mimi."

Mkalimani hufundishwa asiongeze wala asipunguze. Siku ile nilitamani kuongeza. Nilitamani kusema "alilazimishwa", na dakika hiyohiyo nilitamani kusema kitu kikali kuliko alivyosema. Nilisema alichosema. Nyumba namba arobaini na moja hakuitaja, na mimi sikuitaja.

Alipomaliza, kijana mmoja mwenye miwani akauliza: "Lakini bwana, serikali zote zinaandikisha watu. Sisi pia tunaandikisha. Ofisa wetu atatofautishaje?"

"Swali zuri," Rifet akasema. "Mimi sikutofautisha. Ndiyo maana niko hapa." Alikunja kidole kimoja baada ya kingine. "Aulize nani anauliza, na kama kazi yake inahitaji jibu hilo. Posta haihitaji umri wa mwanaume. Aulize kama mitaa yote inaulizwa au mmoja. Na asimwulize mkubwa wa mji. Mkubwa atampa kahawa na maelezo. Amwulize tarishi, nesi, mwalimu: umepewa kazi gani mpya mwaka huu?"

Bi. Liddell alikuwa anaandika. Rifet akatembea mpaka mwisho wa meza, akanyoosha mkono. "Nione."

"Samahani?"

"Nione ulichoandika. Nimekwisha kuandikwa mara nyingi."

Kendra akaanza kusema neno, lakini Bi. Liddell akamsukumia Rifet daftari lake. Rifet hakuweza kusoma nusu yake, nilimsomea. Mwanamke huyo alikuwa ameandika "mpeleka barua aliyelazimishwa".

"Futa hilo la mwisho," Rifet akasema. "Ukiandika nililazimishwa, mtamtafuta mtu anayelia. Mimi sikuwa nalia. Nilikuwa napiga mluzi."

Akafuta.

Muswada ulipita mwishoni mwa mwaka, na mwezi wa kwanza ukatiwa saini. Kendra alinipigia simu akiwa na furaha ya kweli, nikaenda kumwambia Rifet. Alikuwa akikoroga supu. "Vizuri," alisema. "Karatasi imepata muhuri. Na ile 'inapowezekana' wameitoa?"

"Hawakuitoa."

"Basi tuone."

Mimi na yeye hatukurudi tulivyokuwa. Nilipita kwake, nilikunywa kahawa, lakini nilikuwa nakaa upande wa mlango. Aliliona hilo. Mama ndiye aliyeendelea kama zamani, akimtumia pita kila Ijumaa, na siku moja nilipomwuliza kama amemsamehe, alinijibu kwamba ana sahani nyingi mno za Zineta za kurudisha, hana nafasi ya mambo mengine.

Mwaka na nusu baadaye, mchana wa siku ya kazi, nikiwa kwenye korido ya mahakama, simu ililia kwa namba ndefu ya nje. Alikuwa Bi. Liddell.

"Siwezi kukuambia niko wapi," alisema. "Namtaka yule tarishi. Nina jambo la kumwuliza."

Niliomba ruhusa, nikaendesha gari hadi kwa Rifet, nikampigia tena Bi. Liddell na kuweka simu mezani. Yeye aliitazama kama nge. "Nani amempa namba yako?"

"Mimi, ami. Zungumza."

Bi. Liddell alieleza kwa uangalifu, bila majina. Alikuwa mji wa mkoani katika nchi fulani. Nesi mmoja wa zahanati alimwambia kwamba tangu mwezi uliopita wanatakiwa kuandika umri wa wanaume wa kila kaya, hata wasio wagonjwa. Alimwuliza mkuu wa wilaya, akapewa kahawa na maelezo kuhusu chanjo.

"Zahanati zote?" Rifet akauliza.

"Nimezunguka tano. Ni mbili tu. Zote mbili ziko upande mmoja wa mto."

"Upande huo wanakaa watu gani?"

"Watu wa aina moja," alisema.

Rifet alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Nilimwona mzee kuliko siku zote. "Yule nesi," alisema, "ana mwandiko mzuri?"

"Sijui. Kwa nini?"

"Mwambie aache kuandika vizuri. Na wewe andika leo. Usingoje hadi uwe na hakika. Ukiwa na hakika utakuwa umechelewa."

Bi. Liddell alisema ataandika. Alisema sasa kuna ofisi inayotakiwa kusoma, kwa sheria, na kwamba hapo zamani asingejua amwandikie nani. Kisha akashukuru, na simu ikakatika.

Hakupiga tena. Kendra aliacha kazi bungeni, na niliyempata mahali pake hakujua lolote. Rifet akanunua redio nyingine, akaiweka jikoni, akawa anasikiliza habari za dunia nzima, akitafuta nchi yenye mto unaopita katikati ya mji. Alikuwa na nchi tatu anazozishuku, kisha zikawa tano. Kila nilipopita aliniambia ipi imeingia na ipi imetoka.

"Na kama husikii kitu?" nilimwuliza siku moja. "Labda walisoma. Labda walimpigia mkuu wa wilaya simu, akaogopa, akaacha."

"Labda," alisema.

"Hiyo si habari njema?"

"Au hawakusoma, na bado haijafika redioni." Aliongeza sauti ya redio, kwa kuwa taarifa ilikuwa inaanza, akanisogezea kiti kilicho karibu naye. Nilikaa, tukasikiliza hadi mwisho.